Mashujaa wa Filamu, Miungano ya Studio na Watazamaji wa Bukoba na Muleba

Na Mwandishi Wetu, Bukoba

Filamu ya Avengers: Doomsday imepangwa kuingia katika majumba ya sinema duniani tarehe 18 Desemba, 2026. Manispaa ya Bukoba haina jumba la sinema la kuionesha siku hiyo, na Wilaya ya Muleba haina pia. Hata hivyo, kijana anayeendesha bodaboda katika stendi ya Bukoba anaweza kukueleza kwamba Robert Downey Jr., aliyekuwa Iron Man, safari hii anarudi akiwa adui, Doctor Doom. Na mvuvi wa dagaa katika kisiwa cha Goziba anaweza kubishana naye juu ya hekima ya uamuzi huo. Wote wawili wanaisubiri filamu ambayo hakuna kampuni iliyowahi kuahidi kuwaletea.

Makala hii inaeleza filamu za mashujaa wenye nguvu zisizo za kawaida zinavyomfikia mtazamaji wa Kagera, kwa nini uuzaji na uunganishaji wa studio za Marekani unagusa jambo hilo, na sheria za nchi zinasema nini kwa wenye vibanda na maktaba za muvi.

Njia ya filamu kufika ziwani

Kwa mtazamaji wa mkoa huu, filamu kwa kawaida hupitia njia tatu. Ya kwanza ni televisheni ya kulipia. Ya pili ni maktaba ya muvi: duka dogo lenye kompyuta moja au mbili, ambako mteja hufika na flashi au kadi ya simu na kujaziwa filamu kwa shilingi mia chache. Ya tatu ni kibanda cha video, kile ambacho watu wa mijini hukiita banda umiza kwa sababu ya mabenchi yake, chenye televisheni au projekta, spika mbili na kibao cha chaki mlangoni kinachotaja ratiba ya siku. Siku za mechi kubwa za Ulaya filamu hupisha mpira. Siku nyingine mpira hupisha filamu.

Katika visiwa vya Muleba, kama Bumbire, Kerebe na Goziba, kibanda kina uzito zaidi kuliko mjini. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi inapokuwa kali mavuno hupungua, hivyo wavuvi wengi hukaa kambini siku kadhaa wakisubiri giza lirudi. Siku hizo jenereta ya kibanda haizimwi mapema.

Mkoa wa Kagera ndio pekee nchini unaopakana na nchi tatu, yaani Uganda, Rwanda na Burundi, na jambo hili limeacha alama katika utazamaji. Kwa miaka mingi umeme wa Bukoba ulitoka Masaka kupitia kituo cha Kyaka. Filamu nazo, si haba, zilifuata barabara hiyo hiyo kupitia Mutukula. Nchini Uganda kuna utamaduni mkubwa wa watu wanaosimulia filamu kwa Kiganda juu ya sauti ya asili, na majina kama VJ Jingo na VJ Emmie ni maarufu huko. Kwa kuwa Kiganda na Kihaya ni lugha jirani, na wakazi wengi wa Missenyi na Bukoba hukisikia Kiganda vizuri, kanda hizo zilipata wasikilizaji upande huu wa mpaka.

Upande wa Kiswahili, miongoni mwa waliotangulia ni marehemu Kapteni Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu. Nchini Kenya kuna DJ Afro, ambaye sauti yake imevuka mpaka kuliko sura yake. Wasimuliaji hawa hawatafsiri neno kwa neno. Hueleza, huongeza, hukosoa, huita wahusika kwa majina ya mtaani, na humwonya steringi kwamba adui yuko nyuma ya mlango. Kanuni moja tu haivunjwi: steringi hafi. Ndiyo maana Avengers: Endgame ya mwaka 2019, ambamo Iron Man anakufa, iliwaacha baadhi ya watazamaji wakidai kuwa nakala waliyooneshwa imekatwa.

Usimuliaji wa namna hiyo si mgeni katika Buhaya. Muda mrefu kabla ya video, waimbaji wa enanga walikuwa wakikaa mbele ya watu na ala yao ya nyuzi iliyochongwa katika ubao na kuimba habari za mashujaa kama Kachwenyanja na Rukiza kwa saa nyingi. Profesa Mugyabuso Mulokozi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliandika mwaka 1983 makala iliyouliza kama manju hao ni watunzi wa tendi, na kazi yake ya utafiti iliyofuata imejibu kwamba ndivyo walivyo. Mwimbaji wa enanga alirefusha tukio ambalo wasikilizaji walilipenda na kulifupisha lililowachosha. Msimuliaji wa kibandani hufanya vivyo hivyo. Tofauti kubwa iko katika umiliki: Kachwenyanja hana mwenye hati. Spider-Man anaye, na hati hiyo imepita mikono mingi.

Nani anamiliki shujaa

Kampuni ya Marvel, iliyobuni wahusika wengi wanaopendwa leo, iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake mwezi Desemba 1996 baada ya biashara ya vitabu vya katuni kuporomoka. Katika miaka hiyo ya shida haki za kutengeneza filamu za wahusika wake ziligawanywa: X-Men na Fantastic Four wakawa kwa studio ya 20th Century Fox, na Spider-Man akaenda kwa Sony. Ndiyo sababu kwa miaka mingi mashujaa waliokutana kila mwezi katika kurasa za katuni hawakuweza kukutana katika sinema. Hapakuwa na kikwazo cha kisanaa. Kilichokosekana ni saini.

Mwaka 2008 Marvel ilitengeneza Iron Man kwa nguvu zake yenyewe. Mwaka uliofuata Disney ikainunua kwa takriban dola za Marekani bilioni 4. Mwezi Februari 2015 Disney na Sony zilikubaliana kumtumia Spider-Man kwa pamoja. Agosti 2019 makubaliano yakavunjika, na mwezi Septemba yakarejeshwa baada ya mashabiki wa dunia nzima kulalamika. Tarehe 20 Machi, 2019 Disney ilikamilisha ununuzi wa sehemu kubwa ya mali za Fox kwa takriban dola bilioni 71, na X-Men wakarudi nyumbani. Matunda yalionekana mwaka 2024 katika Deadpool & Wolverine, filamu iliyozidi mapato ya dola bilioni 1.3.

Hata hivyo, muungano huo huo ulikuwa na upande wa pili. Filamu ya The New Mutants ya Fox ilikuwa itoke Aprili 2018. Ilisogezwa mara kwa mara, mara ya kwanza na Fox, kisha na Disney, kisha na janga la UVIKO-19, hadi Agosti 2020 ilipotoka kimya kimya. Studio iliyokuwa ikitoa filamu nyingi kila mwaka iligeuka idara ndani ya kampuni nyingine, na idadi ya filamu zake ikapungua.

Upande wa Warner Bros., nyumba ya Superman na Batman, mambo yamekuwa mazito zaidi. Mwaka 2018 kampuni ya simu ya AT&T ilimnunua mmiliki wake, Time Warner. Aprili 2022 AT&T ikajitoa na Warner ikaunganishwa na Discovery. Miezi minne baadaye uongozi mpya ulitangaza kwamba filamu ya Batgirl, iliyokwisha kupigwa picha kwa gharama iliyoripotiwa kufikia dola milioni 90, haitaoneshwa popote. Mwezi Novemba mwaka huo James Gunn na Peter Safran walikabidhiwa kuongoza studio mpya ya DC, na kazi yao kubwa ya kwanza katika majumba ya sinema, Superman, ikatoka Julai 2025.

Kabla filamu hiyo haijatimiza miezi sita, mnada ulifunguliwa tena. Tarehe 5 Desemba, 2025 Netflix ilitangaza makubaliano ya kununua studio za Warner Bros. na huduma ya HBO Max kwa thamani ya dola bilioni 82.7 pamoja na madeni. Siku tatu baadaye Paramount, ambayo yenyewe ilikuwa imenunuliwa na Skydance mwezi Agosti, ilipeleka dau moja kwa moja kwa wanahisa ili kuichukua kampuni nzima kwa dola bilioni 108.4. Vyovyote mvutano wa namna hii unavyomalizika, shabiki hubaki na swali lile lile: filamu niliyoahidiwa itatoka lini, na itaonekana wapi?

Kwa nini "wapi" ni swali kubwa zaidi Kagera

Jijini London au Johannesburg, muungano wa studio hubadili bei ya huduma ya mwezi. Bukoba unaweza kubadili kama huduma ipo au haipo kabisa.

Netflix imekuwa ikipatikana Tanzania tangu Januari 2016, ilipojifungua kwa zaidi ya nchi 130 kwa siku moja. Disney+ ilipoingia Afrika mwaka 2022 ilianzia Afrika Kusini na kufuatia nchi za Afrika Kaskazini, Tanzania haikuwamo. Kwa hiyo shujaa anapohama kutoka kampuni moja kwenda nyingine, anaweza kuingia au kutoka katika orodha ya vitu ambavyo mwananchi wa hapa anaweza kuvilipia kihalali kwa simu yake.

Mfano unaoumiza ni ule wa Kizazi Moto. Mwezi Julai 2023 Disney+ ilitoa mkusanyiko wa filamu fupi za katuni za kubuni mustakabali wa Afrika, zilizotengenezwa na Waafrika, chini ya jina hilo la Kiswahili. Mmoja wa waongozaji ni Raymond Malinga wa Kampala, aliyesimulia habari ya mchungaji kijana katika mandhari ambayo mkazi wa Karagwe ataitambua mara moja. Mwingine ni Ng'endo Mukii wa Kenya. Jina ni letu, simulizi ni za majirani zetu, lakini mzungumzaji wa Kiswahili aliyekuwa Bukoba hakuwa na njia rasmi ya kujiunga na huduma hiyo. Alikuwa na njia isiyo rasmi, na ilikuwa mita chache kutoka kwake: maktaba ya muvi.

Televisheni ya kulipia nayo imo katika wimbi la miungano. Mwezi Septemba 2025 kampuni ya Ufaransa ya Canal+ ilikamilisha hatua za kuichukua MultiChoice ya Afrika Kusini, mmiliki wa DStv. Kwa mkoa wa mpakani hili lina maana yake. Canal+ ilikwishazoeleka Rwanda, Burundi na Kongo, wakati DStv ndiyo iliyofahamika Tanzania na Uganda. Sasa pande zote za mpaka ziko chini ya mwavuli mmoja. Filamu na tamthilia nyingi za HBO zimekuwa zikifika Afrika kupitia MultiChoice, kwa hiyo mauzo mawili yaliyofanyika mbali, moja Marekani na jingine Afrika Kusini, yanakutana katika king'amuzi kimoja kilichoko sebuleni Kamachumu.

Kuna pia suala la lugha, na hapa kampuni za Marekani zimechelewa. Mwaka 2011 TBC ilionesha tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake ikiwa imetiwa sauti za Kiswahili, na tangu hapo StarTimes na Azam TV zimewazoesha watazamaji tamthilia za Kichina na Kituruki zinazozungumza Kiswahili. Filamu za mashujaa wa Marekani hazijapata bahati hiyo. Pengo hilo limezibwa na wasimuliaji wa kibandani, bila mkataba.

Wakanda na ng'ambo ya ziwa

Filamu moja inastahili kutajwa peke yake. Black Panther, mhusika aliyebuniwa na Stan Lee na Jack Kirby mwaka 1966, alipata filamu yake mwezi Februari 2018. Onesho la kwanza kwa Afrika lilifanyika Kisumu, nyumbani kwa familia ya Lupita Nyong'o, kwenye ufuo wa ziwa hili hili linalopiga mawimbi Bukoba. Mwigizaji Florence Kasumba, mmoja wa walinzi wa mfalme, alizaliwa Kampala, na wazazi wa Daniel Kaluuya wametoka Uganda. Ilipata mapato ya zaidi ya dola bilioni 1.3 na tuzo tatu za Oscar. Chadwick Boseman alipofariki Agosti 2020, huzuni ilifika hata katika kuta za saluni na vioo vya daladala, na swali la nani atamrithi liliwashughulisha watu hadi Wakanda Forever ilipotoka Novemba 2022.

Utajiri wa Wakanda ni madini ya ajabu na ustadi wa wahunzi. Mwandishi anakiri kwamba kila akisikia habari hizo hukumbuka Katuruka, kijiji cha kata ya Maruku, ambako wanaakiolojia walifukua mabaki ya ufuaji wa chuma wa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha katika jarida la Science taarifa kwamba wahunzi wa Kihaya walizalisha chuma cha pua kwa kuipasha joto hewa kabla haijaingia tanuruni. Eneo hilo linatembelewa na wageni. Kijana anayejua kila aina ya silaha za Wakanda anaweza kufika huko kwa bodaboda kutoka mjini na kurudi kabla ya mchana.

Sheria inasemaje

Maonesho ya filamu nchini yanasimamiwa na Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976 kupitia Bodi ya Filamu Tanzania. Filamu inayooneshwa hadharani inapaswa kuwa imepitiwa na kupewa daraja, na mahali pa kuoneshea pawe na kibali. Kibanda kinachotoza kiingilio ni mahali pa hadhara, hata kikiwa na mabenchi manne. Mwenye kibanda anayetaka kuelewa taratibu aanzie kwa Afisa Utamaduni wa halmashauri yake, iwe ya Manispaa ya Bukoba au ya Wilaya ya Muleba. Daraja la filamu si mapambo: filamu nyingi za mashujaa zina mapigano ambayo hayamfai mtoto wa shule ya msingi, na mtoto huyo ndiye mara nyingi anayekaa benchi la mbele.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999, inayosimamiwa na Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (COSOTA), inampa mwenye kazi haki ya kuamua juu ya kunakili, kusambaza, kuonesha hadharani na kutafsiri. Neno hili la mwisho hupitwa na wengi. Kusimulia filamu juu ya sauti yake na kuiuza nakala hiyo ni kutafsiri, na huhitaji ruhusa hata kama msimuliaji ametia sanaa yake mwenyewe, ambayo kwa hakika huitia.

Ni haki kueleza pia ugumu uliopo. Mwenye kibanda wa Nshamba ambaye angependa kulipa hana dirisha la kulipia. Kampuni yenye haki haina wakala karibu naye, na ikibadili mmiliki, hata barua ya kuomba ruhusa haijulikani iandikwe kwa nani. Muungano wa studio unapunguza idadi ya milango ya kubisha, lakini hausogezi hata mmoja karibu na Muleba. Ugumu huo hauondoi wajibu wa kisheria. Unaeleza tu kwa nini misako ya nakala haramu haijawahi kumaliza tatizo, na kwa nini huduma halali ya bei ndogo, inayozungumza Kiswahili, ingepata wateja siku ya kwanza.

Kuhusu miungano yenyewe, Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inaipa Tume ya Ushindani mamlaka ya kuchunguza muungano unaogusa soko la Tanzania Bara na kuzuia ule unaojenga au kuimarisha utawala wa soko wa kampuni moja. Mnada wa Hollywood uko mbali na mamlaka hiyo, lakini athari zake katika vifurushi vya televisheni vinavyouzwa hapa haziko mbali. Mteja anayeona chaneli imeondolewa au bei imepanda bila maelezo ahifadhi risiti na tangazo alilopewa, kwa sababu malalamiko yasiyo na ushahidi huishia kaunta.

Kuhusu tarehe, Supergirl imepangwa kutoka Juni 26, 2026, Spider-Man: Brand New Day Julai 31, na Avengers: Doomsday Desemba 18. Desemba shule zitakuwa zimefungwa, Wahaya wa Dar es Salaam na Mwanza watakuwa njiani kurudi nyumbani kwa sikukuu, na senene, mvua ikiwa njema, watakuwa bado wanauzwa sokoni. Nakala ya kwanza itakayofika vibandani huenda ikawa imepigwa kwa simu ndani ya ukumbi wa nchi nyingine, yenye kivuli cha mtu anayepita mbele ya pazia. Wenye subira watangojea ile iliyo safi, yenye sauti ya msimuliaji.